Somo: Kuleta mitamba kwenye joto pamoja na kuwahimilisha kwa saa iliyopangwa

Salamu wafugaji wenzangu. Mnaouliza kuhusu "sindano ya kuleta joto", yaani homoni za kumfanya mtamba awe tayari kupandwa, somo lenu ndilo hili. Nimelipanga kwa ajili ya mitamba tu, si ng'ombe waliokwisha kuzaa, maana ratiba inayofanya vizuri kwa ng'ombe wa kukamua inaweza kukuangusha kwa mtamba. Sababu yake nitaieleza mbele.

Jambo moja nataka lishikwe kabla ya mengine. Homoni hizi hazimpi mtamba uzazi ambao hana. Kazi yake ni kupanga: mitamba waliokuwa wakija joto kila mmoja kwa siku yake, zinawaleta pamoja. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla dawa haijanunuliwa, katika kuchagua mitamba na katika kuandika kalenda. Anayeanzia kwa sindano anatupa pesa.

Faida zake ni za kweli. Mtamba huja joto kila baada ya siku 21 hivi, kati ya 18 na 24, na joto lenyewe hudumu saa 12 hadi 18 tu. Wengi hulianza usiku. Mfugaji wa Mau Narok anaamka asubuhi anakuta ute umekauka kwenye mkia na nafasi imepita, na mtamba huyo atakula nepia na chakula cha dukani wiki tatu nyingine bila mimba. Joto likipangwa, mhimilishaji, yaani mtaalamu anayeweka mbegu ya dume kwa mrija, huja mara moja kwa mitamba wote, safari na naitrojeni ya kuhifadhia mbegu mnagawana gharama, na ndama huzaliwa wakiwa rika moja.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu: unachagua mwezi wa kuzaa. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Ukihimilisha tarehe 15 Juni, tarajia ndama karibu tarehe 22 Machi, mvua ndefu zinapokaribia huku kwetu Nakuru. Maziwa ya mtamba yatapanda wakati nyasi nazo zinapanda.

Hatua ya kwanza: chagua mitamba, na usione haya kumwacha mmoja

Angalia uzito kabla ya umri. Mtamba awe amefika asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Kama ng'ombe wako wazima wa Friesian wana kilo 500, mtamba awe na kilo 300 au zaidi. Kama ni Jersey na wazima wako wana kilo 380, mtamba wa kilo 230 ametosha. Kama huna mzani, utepe wa kupima kifua unafanya kazi: upitishe nyuma ya miguu ya mbele, mnyama akiwa amesimama sawa, kichwa mbele, na usome namba bila kuuvuta mno. Aliyelishwa vizuri hufika hapo akiwa na miezi 13 hadi 15. Aliyekulia kwenye mabua makavu peke yake anaweza kufika miaka miwili bado.

Tazama na hali ya mwili. Kwa kipimo cha 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenona sana), nataka mtamba wa 2.5 hadi 3. Mbavu zisihesabike kwa mbali, wala asiwe na mafuta yaliyojaa kwenye shina la mkia.

Kisha mwite daktari wa mifugo awapime kwa mkono. Hatua hii watu hupenda kuiruka ili kuokoa pesa kidogo, nami nawasihi msiiruke. Daktari anatafuta vitu viwili. Kwanza, kama kizazi kimekomaa na ovari, viungo vinavyotoa mayai, zinafanya kazi. Pili, kama mtamba tayari ana mimba. Prostaglandini, moja ya dawa tutakazotumia, hutoa mimba. Mtamba aliyefungwa kando ya barabara, dume la jirani likipita, anaweza kuwa na mimba ambayo hujui. Mimba ya chini ya mwezi mmoja haishikiki kirahisi kwa mkono, kwa hiyo watenge mitamba na madume yote kwa wiki sita, halafu ndipo wapimwe.

Mtamba aliyezaliwa pacha na dume muulizie kwa makini sana. Zaidi ya tisa kati ya kumi wa namna hiyo ni tasa tangu tumboni, na hakuna dawa itakayombadilisha.

Minyoo, kupe na madini vishughulikiwe mapema, angalau mwezi mmoja kabla. Mtamba aliyetoka kuugua ndigana asubiri awamu nyingine.

Hatua ya pili: elewa kinachotokea tumboni

Sitaki mtu achome sindano asiyoijua kazi yake. Kwenye ovari ya mtamba folikuli hukua, na ndani yake mna yai. Folikuli ikipasuka yai hutoka, na mahali pake panabaki kivimbe tunachokiita mwili wa manjano. Kivimbe hicho hutoa projesteroni, na maadamu projesteroni ipo juu, mtamba haji joto. Kama hakushika mimba, karibu na siku ya 17 kizazi chenyewe hutoa prostaglandini inayokiua kivimbe hicho. Projesteroni inashuka, folikuli mpya inapevuka, joto linakuja. Saa kama 28 baada ya joto kuanza, yai linatoka.

Dawa zetu tatu zinaigiza mambo hayo matatu. Kifaa cha CIDR, chenye umbo la T na kinachowekwa ukeni, hutoa projesteroni na kulizuia joto. Prostaglandini huua mwili wa manjano. GnRH huifanya folikuli iliyokomaa ipasuke.

Sasa sababu niliyoahidi. Ng'ombe wa kukamua wengi huwekwa kwenye ratiba ya sindano pekee: GnRH, baada ya siku 7 prostaglandini, baada ya siku 2 GnRH tena, halafu mbegu. Kwa mtamba ratiba hiyo ni dhaifu. Folikuli zake hukua na kubadilishana haraka, hivyo GnRH ya kwanza mara nyingi haikuti folikuli ya kuipasua, na baadhi yao huja joto kabla hata ratiba haijaisha. Siku mhimilishaji anafika, yai lilishapita. Kifaa cha projesteroni kinaziba mwanya huo: kikiwa ndani, hakuna anayetangulia. Ukiambiwa kwamba kifaa ni gharama ya bure kwa mtamba, usikubali.

Hatua ya tatu: andika kalenda kuanzia mwisho

Usianze na siku ya kuweka kifaa. Anza na saa ambayo mhimilishaji atakuwa boma lako akiwa na mbegu, kisha rudi nyuma. Tuseme amekuhakikishia Alhamisi saa nane mchana. Kwa ratiba ya siku 7, mtamba huhimilishwa saa 54 baada ya kutoa kifaa, na tofauti ya saa mbili mbele au nyuma haina neno. Rudisha saa 54: unafika Jumanne saa mbili asubuhi. Hapo ndipo kifaa kinatoka na prostaglandini inachomwa. Rudi siku 7 zaidi: Jumanne ya wiki iliyotangulia, kifaa kinaingia na GnRH ya kwanza inachomwa. Andika ukutani, na umpe mhimilishaji nakala.

Angalia pia kama kuna mazishi, soko au mtihani wa watoto siku hizo. Nasema hivyo kwa sababu anayeshika mitamba nyumbani mara nyingi ni mtu mmoja, na akikosekana Jumanne asubuhi, hesabu yote inahama.

Hatua ya nne: Jumanne ya kwanza

Mitamba waingie kwenye krashi, kile kizuizi cha kuwashikia ng'ombe, kwa utulivu, bila kupigwa wala kukimbizwa. Osha sehemu ya nje ya uke, kausha kwa karatasi. Kifimbo cha kuwekea kifaa kilowekwe kwenye maji yenye dawa ya kuua vijidudu, na kati ya mtamba mmoja na mwingine kirudi humo. Paka jeli ya kulainisha. Kunja mabawa ya kifaa ndani ya kifimbo, uzi wake uelekee chini. Fungua midomo ya uke, ingiza kwa kuinamisha kuelekea juu kidogo, ukipita fupanyonga nyoosha mbele hadi uhisi kizuizi. Sukuma kifaa kitoke, mabawa yatafunguka yenyewe, kisha vuta kifimbo taratibu. Uzi unaobaki nje ukate ubaki mfupi, kwa sababu mitamba wenzake wanaweza kuutafuna na kuvuta kifaa kizima.

Chomeni GnRH kwenye msuli wa shingo. Kama ni gonadorelini, kipimo cha kawaida ni mikrogramu 100. Aina nyingine zina kipimo tofauti, kwa hiyo kisomwe kwenye chupa yenyewe. Kiasi ni kidogo, mara nyingi mililita 2 tu, na tone likimwagika nje mtamba hakupata dozi.

Dawa hizi ziagizwe na daktari wa mifugo, na anayezitumia awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Muombe akuonyeshe leseni. Mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa.

Hatua ya tano: Jumanne ya pili

Saa mbili asubuhi, si saa nne. Vuta uzi taratibu, kuelekea chini, kifaa kitoke. Hesabu vifaa vilivyotoka, vilingane na vilivyoingia. Aliyepoteza kifaa chake mwandike jina: huyo usimtegemee kwa saa 54, mtazame joto lake kwa macho.

Papo hapo prostaglandini. Kama ni aina ya dinoprosti ni miligramu 25, kama ni kloprostenoli ni mikrogramu 500, zote kwenye msuli.

Naomba hapa tusome polepole. Prostaglandini hupenya ngozi ya binadamu. Mama mjamzito asiishike, asiijaze kwenye sindano, asikae karibu na anayechoma. Mwenye pumu vivyo hivyo, kwa sababu inaweza kubana njia za hewa. Wengine wote wavae glavu, na tone likiangukia ngozi lioshwe mara moja kwa sabuni na maji. Katika boma nyingi wanaowashika ng'ombe ni akina mama na wasichana, na anayekuja na dawa huwa haulizi. Muulize wewe kabla chupa haijafunguliwa.

Ukimaliza, paka rangi au chaki nene kwenye shina la mkia wa kila mtamba. Wakianza kupandana rangi itafutika, nawe utajua nani ameonyesha joto na lini.

Hatua ya sita: Alhamisi

Mrija wa mbegu hutoka kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Uyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, kwa sekunde 30 hadi 45, upimwe kwa kipimajoto. Mhimilishaji anayeuyeyusha kwapani au mfukoni anahatarisha mbegu uliyoilipia. Ukikaushwa, uingie kwenye bunduki ya kuhimilishia iliyopashwa joto, na utumike ndani ya dakika 15. Kwa hiyo asiyeyushe mirija kumi mara moja ilhali mtamba wa kwanza bado anasumbua langoni. Mbegu huachwa mara tu baada ya kuvuka shingo ya kizazi, si ndani kabisa ya pembe.

Wakati huohuo kila mtamba anapata GnRH ya pili. Hii ndiyo inayowasaidia wale ambao hawajaonyesha joto.

Andika namba ya dume iliyo kwenye mrija. Kwa mtamba chagua dume lenye sifa ya kuzalisha ndama wasioleta shida wakati wa kuzaa. Orodha za Kituo cha Rasilimali za Kijenetiki za Wanyama, pale Kabete, zinaweza kukusaidia, na waagizaji wa mbegu za nje nao huwa na namba hizo. Maziwa mengi ya mama wa dume hayatakusaidia mtamba akikwama na ndama mkubwa.

Baada ya hapo

Usibadilishe lishe ghafla. Mtamba aliyekuwa anakula vizuri kisha akapunguziwa baada ya kuhimilishwa hupoteza mimba changa kwa urahisi. Usimpakie kwenye lori kati ya siku ya 5 na ya 42. Kuanzia siku ya 18 hadi ya 24 tazama tena asubuhi na jioni: wasioshika watarudi joto wakikaribiana, na wahimilishwe kwa joto waliloonyesha. Kupima mimba kwa mkono, subiri siku 60 kama hakuna mtaalamu mzoefu; kwa mashine ya ultrasaundi, siku 30 zinatosha.

Tarajia nini? Kazi ikifanywa vizuri, karibu nusu ya mitamba hushika kwa mara hiyo moja, wakati mwingine zaidi ya nusu. Anayekuahidi wote watashika hasemi kweli.

MASWALI YA WANACHAMA

Mfugaji, Kuresoi: Daktari, mtamba wangu ana mwaka mmoja na nusu na sijawahi kuona joto. Nikimwekea kifaa ataanza?

Jibu: Inategemea kwa nini hajaanza, ndugu. Kama uzito umefika na amekaribia kubalehe, projesteroni ya siku 7 inaweza kumsukuma aanze mzunguko wake. Kama ana kilo 200 na ni Friesian, hapana. Mpe protini na madini, lusini au majani ya viazi vitamu yakiwepo, na umpime tena baada ya miezi miwili. Na usisahau kuuliza kama alizaliwa pacha.

Mama mfugaji, Subukia: Tulipotoa kifaa kwa jirani, mmoja alitoka na usaha wenye harufu mbaya. Tulimwacha bila kumhimilisha. Tulifanya sawa?

Jibu: Pole mama, mngeendelea tu. Kifaa kinaudhi ngozi ya uke kwa siku 7 na usaha kidogo ni jambo la kawaida. Uke unajisafisha wenyewe joto likija, na haipunguzi nafasi ya kushika. Msimsafishe ndani kwa dawa. Kumwacha ni pale tu anapokuwa na homa, amekataa kula, au ute wa siku ya kuhimilishwa bado una usaha.

Mzee, Rongai: Mimi nina mtamba mmoja tu. Kifaa ni cha nini? Si nichome tu ile sindano ya prostaglandini?

Jibu: Mzee wangu, kwa mtamba mmoja hoja yako ina uzito. Prostaglandini peke yake inafanya kazi kama mwili wa manjano upo na umekomaa, yaani kuanzia siku ya 6 hivi hadi ya 17 ya mzunguko. Daktari akiugusa na kuthibitisha hana mimba, sindano moja inatosha, na joto litakuja kati ya siku ya 2 na ya 5. Lakini hapo hakuna saa maalumu. Utamtazama kwa macho, na akionekana asubuhi ahimilishwe jioni, akionekana jioni ahimilishwe asubuhi. Kama hakuna wa kumpima ovari, rudia sindano baada ya siku 11 hadi 14; ambaye hakuitikia ya kwanza huitikia ya pili.

Kijana, Njoro: Mtamba ametoa damu siku mbili baada ya kuhimilishwa. Mimba imetoka?

Jibu: Hapana. Mitamba wengi hutoa damu kidogo siku 1 hadi 3 baada ya joto, awe ameshika au hajashika. Damu inakuambia joto lilikuwepo, basi. Ukiiona kwa mtamba ambaye hukuhimilisha, usikimbilie kumwita mhimilishaji, umechelewa. Andika tarehe na umngojee baada ya siku 18 hivi.

Mfugaji, Bungoma: Sisi wengi tuna zebu, wale wa kienyeji, na machotara. Somo hili linatuhusu?

Jibu: Linawahusu sana. Joto la zebu ni fupi kuliko la Friesian na mara nyingi huja usiku, ndiyo maana wengi husema ng'ombe wao hawaji joto. Kuhimilisha kwa saa kunaondoa shida hiyo. Uzito upimeni kwa ng'ombe wazima wa kwenu, si kwa Friesian wa Nakuru. Na kwa zebu mdogo msiweke mbegu ya dume kubwa la kigeni, mtamtesa akizaa.

Mama mfugaji, Molo: Kifaa kikitolewa bado kinaonekana kizima. Naweza kukiosha nimwekee mwingine?

Jibu: Usifanye hivyo, mama. Kimetengenezwa kwa matumizi ya mara moja, projesteroni iliyobaki ni kidogo, na kukiosha kwa maji ya moto hakuui magonjwa ya uzazi yanayoweza kuhamia kwa mtamba safi. Vaa glavu hata unapokitupa, na watoto wasikichezee.

Mfugaji, Bahati: Nataka mbegu za kuzaa majike pekee. Zinafaa kwa ratiba hii?

Jibu: Zinafaa kwa mitamba kuliko kwa ng'ombe wakubwa, kwa sababu mitamba hushika vizuri zaidi. Mbegu hizo hukupa majike karibu tisa kati ya kumi, lakini zinashika kidogo kuliko za kawaida. Ushauri wangu: aliyefutika rangi ya mkia kabla ya Alhamisi mchana, mpe mbegu ya majike. Ambaye rangi yake bado ipo, mpe ya kawaida pamoja na GnRH yake.

Kijana, Gilgil: Mhimilishaji akipiga simu aseme hatafika Alhamisi, nifanye nini?

Jibu: Kila kitu kinategemea simu imepigwa lini. Ikipigwa kabla ya Jumanne asubuhi, umepona: acha kifaa ndani siku moja zaidi, hakitadhuru, utoe Jumatano saa mbili na ahimilishe Ijumaa saa nane. Kifaa kikishatoka na prostaglandini ikishaingia, huwezi tena kusogeza saa. Akichelewa hadi jioni, endeleeni. Kama hafiki kabisa, tafuta mwingine aliyesajiliwa kabla ya usiku, na namba yake iwe tayari kwenye kalenda tangu siku ya kwanza. Ndiyo sababu mimi humpigia mhimilishaji Jumatatu jioni, nikamsikia kwa sikio langu akisema naitrojeni ipo na mbegu ziko ndani, kabla sijagusa uzi wa kifaa cha kwanza.